Shoo nzuri, mlango mbovu

Kwanza niseme bendi yenyewe sina neno nayo. Ama ninalo, lakini si la muziki.

Jumamosi moja hivi, mwezi uliopita au ule wa kabla yake, nilikwenda Westlands, hapa Nairobi, kuona bendi changa ya roki, vijana wanne ambao hata albamu hawajatoa. Tiketi nililipa kwa M-Pesa mapema. Kufika mlangoni, kijana wa kugonga mihuri akanitazama kuanzia viatu. "Mathe, umekuja kuchukua mtoto? Ngojea huko kwa parking."

Mtoto gani? Mimi nilikesha na X FM, ile redio ya roki, wewe ukiwa bado unanyonya! Bendi ya Parking Lot Grass nimewasikiliza wakipiga roki kwa Kiswahili, enzi ambazo nyumbani waliniambia huo ni muziki wa shetani. Nikamwonyesha ujumbe wa M-Pesa. Akaichukua simu, akasoma polepole, akamwita mwenzake naye asome. Foleni nyuma yangu inacheka. Halafu muhuri akanigongea mkononi utadhani mimi ni barua.

Nikaingia nimenuna. Nyota moja, nikasema moyoni, na hiyo ni ya choo. Nyimbo mbili za kwanza sauti ya mwimbaji haikusikika kabisa, besi tupu inanitikisa meno. Nilifurahi, kusema kweli. Nilitaka waharibu.

Wimbo wa tatu, uzi wa gitaa ukakatika. Gitaa la akiba hakuna. Msichana wa gitaa akachuchumaa papo hapo jukwaani, simu mdomoni inammulikia, akafunga uzi mpya huku ngoma na besi zikizungusha mdundo uleule, dakika nne, tano. Mwimbaji akaitupa ile maikrofoni mbovu, akashuka kwetu, akaimba kwa koo lake tu, habari za kodi ya nyumba na caretaker aliyefunga geti. Ncha ya ule uzi haikukatwa. Ilichezacheza kila alipopiga gitaa. Nilisahau kununa.

Wakati wa kutoka nikataka fulana. Anauza nani? Yuleyule. "Za saizi yako zimeisha, mathe." Hata ndani ya boksi hakuangalia!

Nilikuwa nimeandika nyota nne. Nikikumbuka lile boksi, mbili. Lakini wimbo wa kodi nauimba mpaka jikoni, basi wekeni tatu. Vijana, mkipata senti, nunueni gitaa la pili. Na mlangoni wekeni mtu mwingine, hata mama yenu.