Kamakura mwezi wa sita: nendeni na miavuli

Jamani kama uko Tokyo mwezi wa sita panda treni ya Yokosuka uende Kamakura, ni kama saa moja tu, na usiogope mvua maana ndo msimu wenyewe wa ajisai, yale maua madogo madogo yanayojikusanya kama mpira. Mi nilianzia Hasedera, hekalu liko mlimani, unapanda ngazi maua ya bluu, zambarau na pinki yamekubana pande zote, majani yanadondosha maji mpaka kwenye mikono ya shati, ukigeuka nyuma unaona bahari ya Yuigahama yote. Nilisimama pale muda mrefu sana. Meigetsuin, hekalu lingine la hapo Kamakura, nako ni bluu karibu tupu, pazuri, ila foleni ndefu mno.

Yule Buddha mkubwa wa shaba wa hekalu la Kotoku-in, wa tangu karne ya 13, ana zaidi ya mita 11 na amekaa nje hivyo hivyo, mvua inamchirizika mashavuni.

Treni ya Enoden, ile ndogo ya hapo Kamakura, nzuri lakini wikendi mnabanana kama dagaa, so nenda siku ya kazi, asubuhi mapema. Nyota tano kwa Hasedera, mwakani narudi na mama.