Nusu mwaka na kitazamio cha kielektroniki juu ya kamera ya reinjifainda

Kitazamio hiki, kijiskrini cha kuchungulia kinachoonyesha kile ambacho lenzi inakiona, nilikinunua kwa sababu ya sindano. Bibi yangu bado anajishonea nguo, na kila akitunga uzi huisogeza sindano karibu na pua, analamba ncha ya uzi, anafumba jicho moja na kushika pumzi. Nilikuwa nimejaribu kuinasa picha hiyo kwa kamera yangu ya reinjifainda zaidi ya mara kumi. Nikaambulia mikono mizuri na sindano iliyofifia kama moshi.

Wanaozitumia kamera hizi wameshajua tatizo liko wapi. Dirisha la reinjifainda halioni kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kioo kilicho pembeni, katikati yake pana kiraka kidogo chenye vivuli viwili vya kitu kimoja, unazungusha pete ya lenzi hadi vivuli viungane. Vikiungana, fokasi imekaa, yaani kitu hicho kitatoka kikali kwenye picha. Kwa kawaida mtambo huo unakomea sentimita 70. Ukisogea karibu zaidi ya hapo kiraka hakina habari tena, na mistari ya fremu nayo inadanganya, kwa kuwa dirisha liko juu na kando ya lenzi. Lenzi yangu ya milimita 50 inaweza kusogea hadi sentimita 45. Kwa hiyo sentimita 25 za mwisho nilikuwa nimezilipia na sizitumii.

Kutaka kuona kupitia lenzi hakukuanza leo. Tangu 1951 watengenezaji wa kamera za Leica walikuwa wakiuza Visoflex, kisanduku chenye kioo ndani ambacho kiliwekwa kati ya kamera na lenzi. Ukikiweka, kamera ndogo ya mkononi inageuka kuwa mzigo. Zilipokuja za kidijitali, Epson R-D1 ya 2004 na Leica M8 ya 2006, skrini ya nyuma ilikuwa ya kutazama picha iliyokwisha kupigwa, basi. Ilibidi kusubiri hadi 2012, Leica M ya Typ 240 ilipotangazwa, ndipo kamera za ukoo huo zikaanza kuonyesha moja kwa moja kile ambacho sensa, kibamba kinachonasa picha badala ya filamu, inakiona. Kuanzia hapo kupachika kitazamio juu kukawa na maana.

Changu kinaingia kwenye reli ya flashi, kinasukumwa hadi kitoe mlio wa "tik". Kinainuka kwa nyuzi 90, ukitaka unatazama kwa kuinama kama mtu anayechungulia kisima. Kina kigurudumu cha kurekebisha macho, na kwangu mimi mvaa miwani hicho peke yake kilikuwa neema, maana kwenye dirisha la kawaida miwani hunizuia kuona mistari ya pembeni. Ila kigurudumu hicho ni chepesi mno. Siku moja kilijizungusha ndani ya mkoba, nikatumia asubuhi nzima nikiilaumu lenzi kwamba imekufa. Sasa nimekibandika kipande cha utepe.

Faida ambayo sikuitarajia ilijitokeza wiki ya pili. Nilitandaza gazeti mezani, nikasimama kwa mshazari, nikaelekeza kiraka cha reinjifainda kwenye mstari mmoja wa maandishi na kufungua tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, hadi mwisho. Nikapiga. Kisha nikarudia mstari uleule kwa kitazamio, nikiwa nimekuza picha hadi nione nyuzi za karatasi. Picha ya pili ilikuwa kali palepale nilipotaka. Ya kwanza ilikuwa imekalia mistari miwili nyuma. Nikarudia mara sita, kila mara mistari miwili nyuma.

Kumbe reinjifainda yangu ilikuwa imepotoka, na nani ajuaye tangu lini. Miaka yote ile nilikuwa nikisema mkono wangu unatikisika, au kwamba mtu alisogea. Mtambo huu ni wa vyuma: kuna kirungu kidogo ndani kinachosukumwa na mgongo wa lenzi, na kikisogea kidogo tu kwa kugongwa au kutikisika safarini, kiraka kinaendelea kukuambia "tayari" na si kweli. Kamera ikaenda kwa fundi, ikarudi imenyooka. Hata kama ningekiuza kitazamio siku ileile, kilikuwa kimeshajilipa. Mtu mwenye lenzi za tundu kubwa, f/1.4 na kushuka (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), aazime kitazamio hata kwa siku moja afanye jaribio la gazeti.

Kwa lenzi ndefu tofauti ni ya usiku na mchana. Fremu ya milimita 135 kwenye dirisha la kawaida ni kama stempu iliyobandikwa katikati ya ukuta. Kwenye kitazamio picha inajaa jicho. Kwa lenzi pana ya milimita 21 pia nimeachana na ule usumbufu wa kupima fokasi kwenye dirisha moja na kupanga picha kwenye jingine. Na sijapiga picha tena nikiwa nimesahau kifuniko cha lenzi. Msicheke, wenye reinjifainda wote tumeshafanya hivyo.

Sasa upande wa pili. Ile rangi nyekundu ambayo kitazamio hupaka kwenye kingo za vitu vilivyo ndani ya fokasi niliipenda kwa siku mbili. Inapenda vitu vyenye kingo kali. Itang'arisha nyuzi za shuka na kuliacha jicho la mtu. Ukibana tundu hadi f/8 inapaka wekundu kila kitu, ukadhani dunia nzima iko kwenye fokasi. Lenzi zetu hizi hazifunguki zenyewe, tundu ulilochagua ndilo unalotazamia. Kwa hiyo nafungua tundu, nakuza picha, naweka fokasi, halafu nabana. Hata hilo lina mtego, kwa sababu kuna lenzi ambazo fokasi yake husogea kidogo unapobana. Na wakati umekuza picha huoni fremu nzima, unaona kope moja. Mtoto akikimbia unabaki na ukuta.

Kwa picha za mitaani nilikiondoa baada ya siku tatu. Dirisha la reinjifainda linakuonyesha hata kilicho nje ya fremu. Unamwona mwenye baiskeli kabla hajaingia, unamngoja. Kitazamio kinakata kila kitu kwenye ukingo. Dirisha liko kwenye kona ya kamera, jicho langu la kushoto linabaki huru kutazama dunia. Kitazamio kimekaa katikati juu, uso wote unajificha nyuma ya kamera. Betri niliyozoea kuimaliza jioni ilianza kulia kabla ya saa nane. Flashi haina pa kukaa. Chini ya baadhi ya taa za LED picha inapita mistari myeusi kama televisheni mbovu, na gizani inajaa chenga.

Lakini kinachoudhi kuliko vyote ni kuzimika. Ili sensa ione, shata, pazia lililo mbele yake, lazima ikae wazi. Ukibonyeza, shata inafunga kwanza, inafunguka kupiga, inafunga, kisha inafunguka tena kukurudishia picha. Masikioni unasikia kishindo mara mbili, na machoni ni giza totoro kwa kitambo kinachotosha mtu kupepesa na kugeuka. Nilikwenda na mtambo wangu mpya hadi kwa Bibi, nikaweka fokasi kwenye tundu la sindano, safi kabisa, ningeweza kuhesabu mikwaruzo. Ncha ya uzi ikakaribia. Nikabonyeza. Giza. Kuja kuona tena, uzi umeshapita na Bibi anaukata kwa meno.

"Mjukuu wangu," akasema, "unanipiga picha au unanipima macho?"

Nikaomba arudie. Akarudia, nikachelewa. Nikatega kidole mapema, nikawahi mno. Mara ya nne akaiweka sindano chini na kuuliza kama kamera ya zamani nimeiuza.

Jibu nililipata kwa kuchoka. Nilisimamisha kamera kwenye tripodi, nikamwomba Bibi aegemeze viwiko mezani ili mikono isiyumbe, nikaweka fokasi kwa kitazamio kama kawaida. Kisha nikakizima. Kwenye kamera yangu kikizimwa shata inarudi kufungwa, ikingoja, na ukibonyeza inafyatuka hapohapo bila ile safari ya kufunga na kufungua. Sikuchungulia popote. Nilikaa kwenye kigoda kando ya tripodi, waya wa kufyatulia mkononi, nikamtazama Bibi kwa macho yangu.

Ndivyo ninavyokitumia hadi leo. Siku nyingi kinashinda kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba, kimeviringishwa ndani ya soksi, nakitoa kwa kazi za karibu, za lenzi ndefu na za tripodi, na mara moja kwa mwezi kwa jaribio la gazeti. Anayetafuta kitu cha kukaa juu ya kamera asubuhi hadi jioni anunue kamera yenye kitazamio ndani yake, itamgharimu usumbufu mdogo zaidi.

Picha ya sindano ipo. Uzi uko katikati ya tundu, nusu umeingia, na ukiikuza unaona tone la mate linang'aa kwenye ncha. Bibi ameitazama akasema kucha zake zilikuwa chafu, nirudie.