Kufunga swingiamu baada ya rangi mpya: gereji ya Ngamiani, Tanga

Ukishapaka fremu ya pikipiki rangi upya na kununua beringi mpya, kazi ya kufunga swingiamu (mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma) ipeleke kwenye gereji hii ndogo ya Ngamiani. Beringi za sindano (zenye vyuma vyembamba kama sindano ndani) hawazigongi kwa nyundo, maana ganda lake jembamba hupinda na sindano zikakwama. Wanazivuta taratibu kwa boliti ndefu na washa nene, upande wenye maandishi ukitazama nje.

Ubora wao hasa uko kwenye rangi. Kabla ya kufunga, hukwangua rangi yote iliyoingia kwenye tundu la boliti kuu na pale fremu inapogusana na swingiamu. Ikiachwa, swingiamu huingia kwa kubana. Baadaye rangi husagika, boliti hulegea na tairi la nyuma huanza kuyumba. Chuma kilichobaki wazi hupakwa grisi isiyoondolewa na maji, na kwa upepo wa chumvi wa Tanga hilo ni la lazima.

Nati wanaikaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki husika. Kabla ya kurudisha shokapu huinua swingiamu kwa mkono: inatakiwa ishuke yenyewe polepole, bila kucheza kushoto wala kulia.

Dosari ipo. Kwenye pikipiki zenye bushi za mpira, hukaza nati tairi la nyuma likiwa linaning'inia. Sisitiza wamalizie kukaza tairi likiwa limebeba uzito, la sivyo mpira hubaki umejipinda na kuchanika mapema. Kagua pia mpira wa kukinga swingiamu isisuguliwe na cheni. Wakati mwingine hausogezwi mahali pake, na cheni inakula rangi mpya hadi chuma.