Valpolicella: kiwanda cha mvinyo ambacho ghala lake linashinda ukumbi wake

Mtu anayekwenda Valpolicella, ukanda wa vilima ulio kaskazini-magharibi mwa mji wa Verona nchini Italia, akiwa na nafasi ya kutembelea kiwanda kimoja tu cha mvinyo, ningemshauri asivutwe na ukumbi wa kuonjea bali aulize mapema kama ataruhusiwa kupanda hadi kwenye ghala la kukaushia zabibu. Mimi nilikwenda mwezi Novemba katika kiwanda cha familia moja karibu na Fumane, na ghala hilo, ambalo wenyewe huliita fruttaio, ndilo lililostahili nauli yangu.

Ni chumba kirefu kilicho chini ya paa, chenye madirisha pande zote mbili ili upepo upite. Vichala vimelazwa safu moja moja juu ya vichanja vya mianzi vilivyopangwa kwenda juu, wala hakuna kilicholalia kingine. Mwenyeji wetu alinyanyua kichala kimoja akakielekeza kwenye mwanga: kikonyo kilikuwa kimekwisha kuwa cha kahawia na maganda yamejikunja, lakini hapakuwa na doa la ukungu. Alieleza kwamba wakati wa kuvuna huchaguliwa vichala ambavyo punje zake hazikubanana, kwa kuwa vilivyobanana huoza katikati kabla ya kukauka. Punje niliyopewa nionje ilikuwa tamu mno, na ganda lake gumu lilinichukua muda kulitafuna.

Zabibu hizo, ambazo nyingi ni za aina ya Corvina, hukaa hapo miezi mitatu hadi minne, hupoteza theluthi ya uzito wake au zaidi, kisha ndipo hukamuliwa. Ufundi huu ni wa kale kweli: Cassiodorus, aliyewatumikia wafalme wa Waostrogothi, kabila lililotawala Italia katika karne ya 6, aliandika barua ya kuagiza mvinyo wa namna hiyo kutoka upande wa Verona. Kwa karne nyingi uliotafutwa ulikuwa mvinyo mtamu, ambao leo unaitwa Recioto. Amarone, mvinyo usio mtamu wa zabibu hizo hizo zilizokaushwa, ambao chachu huachwa iimalize karibu sukari yote, ulianza kuuzwa kwa jina hilo katika karne ya 20 tu, na jina lenyewe linatokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya uchungu.

Kwa mtu aliyekulia Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na mkulima huhangaika kupata mnunuzi kabla mzigo haujaharibika, au huzikamua mwenyewe ili auze mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda, ni jambo la kushangaza kuona mavuno yameachwa yanyauke kwa makusudi huku mwenye mali akitembea bila haraka. Nilipouliza kama kwetu ingewezekana, mwenyeji aliniuliza ni miezi gani ambayo usiku wetu ni wa baridi na hewa ni kavu. Nilitaja Juni na Julai. Akaniuliza kama ndipo tunapovuna, nami nikanyamaza.

Uonjaji haukufikia kiwango cha ghala. Kwa yuro 25 tulipewa mivinyo minne na vipande viwili vya jibini, lakini kundi jingine lilikuwa limekwisha kufika kwa basi, na maelezo yakageuka ya kukimbizana. Mvinyo wa kawaida wa Valpolicella ni mwepesi na wenye ladha ya cheri. Ripasso, ambao hupitishwa tena juu ya makapi ya Amarone ili upate nguvu, ulinipendeza kwa bei yake. Amarone ulimiminwa ukiwa na baridi ya stoo ya chini ya ardhi, kosa ambalo sikulitarajia kwa watu wa fani hii, na ilinibidi niishike glasi kwa viganja vyote viwili hadi harufu yake ya matunda makavu ilipojitokeza. Kwa kuwa kilevi chake hakipungui asilimia 14, anayeendesha gari ateme kama wataalamu wanavyofanya. Ndoo ipo mezani na hakuna anayekushangaa.

Dukani niliiacha Amarone, nikanunua chupa ndogo ya Recioto, kwa sababu ndiyo peke yake iliyonikumbusha ile punje niliyoitafuna kule juu.