Kokteli ya chokoleti nyumbani: chupa ipi ununue Dar

Kokteli nzito ya chokoleti, ile inayoliwa na kunywewa kwa pamoja baada ya mlo, hela yake kubwa huishia kwenye chupa moja ya pombe tamu. Na hapa Dar, kabla ya kuuliza ladha, uliza chupa imekaa wapi. Pombe za krimu zina maziwa ndani. Mojawapo, Baileys ya Ireland, hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 0 na 25, na Februari duka lisilo na kiyoyozi linapita hapo kabla ya saa tatu asubuhi. Chupa iliyopangwa dirishani ikipigwa jua iache hapohapo. Igeuze taratibu: ukiona mabonge, usinunue. Soma tarehe, kisha ikague stempu ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato), hasa bei ikiwa ya kutupa.

Namba moja kwangu ni Baileys. Ina asilimia 17 ya kilevi, na kakao tayari imo kwenye ladha yake, kwa hiyo chokoleti haipambani nayo.

Namba mbili, Kahlúa ya Mexico. Hii ni ya kahawa, haina maziwa, haifanyi mabonge umeme ukikatika siku nzima. Kwa wapangaji wasio na friji ningeipandisha hadi juu.

Amarula naiweka ya tatu, na najua nitagombana na watu. Ni tamu, lakini tunda la marula linaivuta kokteli upande wa karameli. Inywe peke yake na barafu.

Konyagi, unga wa kakao usio na sukari na aiskrimu ya vanila kwenye blenda: ndiyo njia ya bei nafuu. Kali kidogo, asilimia 35, pima toti kwa mkono mwepesi.

Sasa lishe. Mililita 50 za Baileys zina takribani kilokalori 160, na humo mna sukari gramu 10 hivi. Ongeza toti ndogo ya Kahlúa, nyingine ya vodka, na kijiko kikubwa cha aiskrimu, glasi moja inapita 400. Usidanganyike kwamba Kahlúa ni nyepesi kwa kukosa mafuta; sukari yake ni karibu mara mbili ya Baileys. Ukitaka kupunguza, anza na aiskrimu: weka maziwa baridi na barafu.

Mnywaji wa mara mojamoja achukue chupa ya mililita 375, aiweke friji akishaifungua.