PARI/GP kwa namba nzima kubwa: inafaa, ila jua inachokuthibitishia

Lahajedwali la kawaida likipewa 147573952589676412927 hubakiza tarakimu 15 za mwanzo, zilizobaki zinageuzwa sufuri. Namba iliyokuwa witiri inakuwa shufwa, tena inagawanyika kwa 5, na hakuna onyo lolote. Kwa kazi hii pakua PARI/GP, programu ya bure iliyozaliwa Bordeaux, Ufaransa. Haina madirisha ya kupendeza, unaandika amri tu, lakini tarakimu haipotei hata moja.

Andika n=2^67-1, ambayo ndiyo namba ile ya juu, kisha factor(n), amri ya kutafuta vigawo. Papo hapo unapata jedwali la safu mbili, vigawo kushoto na vipeo kulia: 193707721 na 761838257287, kila kimoja kwa kipeo cha 1. Mtawa na mwanahisabati Mfaransa Marin Mersenne aliihesabu namba hii kuwa tasa mwaka 1644. Mwanahisabati Édouard Lucas akaonyesha mwaka 1876 kwamba si tasa, bila kupata kigawo chochote, na vigawo vyenyewe vilitolewa na mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903. Kuhakiki ni rahisi: kila kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 134. Ukiandika (193707721-1)/134 unapata 1445580 kamili. Kama isingegawanyika, PARI/GP ingekuachia sehemu jinsi ilivyo, bila kukadiria. Ongeza numdiv(n), idadi ya vigawo vyote, upate 4; sumdigits(n), jumla ya tarakimu, upate 109; na eulerphi(n), idadi ya namba kuanzia 1 hadi n zisizo na kigawo cha pamoja na n zaidi ya 1, upate 147573951827644447920.

Sasa mitego. 10^20 ni namba nzima, 1e20 ni desimali, na isprime, amri inayothibitisha kama namba ni tasa, itaikataa hiyo ya pili. Kubwa zaidi ni hili: vigawo vikubwa ambavyo factor inavitoa kama tasa huwa vimepita jaribio la BPSW tu, kipimo cha haraka cha kama namba inaelekea kuwa tasa. Chini ya 2^64 jaribio hilo limehakikiwa lote. Juu ya hapo haijulikani namba hata moja iliyolidanganya, lakini huo si uthibitisho. Ukitaka uthibitisho tumia isprime, au anza na default(factor_proven,1). ispseudoprime, amri inayotumia jaribio hilo la haraka tu, iache kwa kuchuja haraka.

Vilevile factor(n,10^5) hutafuta vigawo vilivyo chini ya 100000 pekee. Ijaribu kwa 2^67-1: inarudisha namba ileile nzima kwa kipeo cha 1, na asiyejua ataichukulia kuwa tasa.

Kumbukumbu ikiisha, ongeza kwa default(parisizemax,"2G"). Hiyo haisaidii namba ya tarakimu mia na ushee iliyo zao la namba tasa mbili zinazokaribiana ukubwa, kwa sababu hapo kinachokwamisha ni mbinu yenyewe. Hamia CADO-NFS, programu ya kutafuta vigawo vya namba kubwa sana, iliyotumika mwaka 2020 kupata vigawo vya RSA-250, namba ya tarakimu 250.