Linux Mint 22 Xfce kwenye ThinkPad T430: inafaa, ila anza na flashi

Nina steshenari Morogoro. Kazi zangu ni kuchapa barua za maombi ya kazi, kuprinti ripoti za wanachuo na kujaza fomu za mtandaoni. Mashine ninayotumia ni Lenovo ThinkPad T430, laptopu ya mwaka 2012 niliyoinunua ikiwa imetumika. Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha 3, wakati Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Nikaweka Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo la Xfce ambalo mwonekano wake ni mwepesi, na mpaka leo naifurahia.

Ninachokipenda zaidi kwenye Mint ni kwamba unaijaribu kwanza bila kugusa diski. Siku ya kuinunua hii ThinkPad nilienda Kariakoo na flashi yenye Mint mkobani.

"Dada, hii ina Windows tayari, ukifika unatumia tu," muuzaji akaniambia.

"Sawa kaka, lakini naomba niiwashe kwa flashi yangu. Vitu vyako sivigusi."

Akakubali. Nikabonyeza F12, nikachagua flashi, Mint ikafunguka. Nikaunga waifai kwenye simu yangu, nikapiga video kusikiliza spika, nikafungua kamera, nikabonyeza kitufe kimoja kimoja cha kibodi, nikapandisha na kushusha mwanga. Kisha nikaifunika, nikasubiri kidogo, nikaifunua. Hili la mwisho usiliruke, maana zipo laptopu zinazolala zisiamke.

Halafu nikafungua teminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika inxi -Fxz. Amri hiyo inakutajia kila kifaa na draiva, yaani programu ndogo inayokiendesha. Hapa ilionyesha grafiki za Intel HD 4000 zikiendeshwa na i915, na waifai ya Intel Centrino 6205 ikiendeshwa na iwlwifi. Vyote viwili Linux inavitambua yenyewe. Ukikuta mbele ya kifaa pameandikwa "driver: N/A", hapo ndipo penye kazi. Laptopu nyingine pale pale kaunta, nzuri kwa sura, waifai yake haikuonekana kabisa. Ingewezekana kuchomeka simu kwa waya wa USB, kugawa bando na kutafuta draiva, lakini mimi nataka mashine ya kufanyia kazi siku hiyo hiyo, kwa hiyo niliiacha. Zipo pia T430 zenye kadi ya ziada ya NVIDIA. Kwa kazi za ofisi chukua yenye Intel peke yake, usumbufu ni mdogo.

Kuhusu wepesi, tusidanganyane. Mint yenyewe inasema kima cha chini ni RAM ya GB 2, na inapendekeza GB 4. Xfce ni nyepesi kweli, lakini Firefox ukiifungulia tabo nyingi inakula RAM vile vile kama kwenye Windows. Mimi nimeweka GB 8, nikatoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua SSD kwanza.

Wateja wengi huja na CV zilizoandikwa kwenye Word kwa fonti ya Calibri, na zikifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, mistari inaweza kuruka ukurasa. Nilisakinisha Carlito, fonti ambayo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri, na kurasa nyingi zikakaa mahali pake. Zenye majedwali mengi bado nazikagua kwa macho kabla ya kuprinti, na mteja akiweza namwomba alete PDF.

Printa ya leza ya dukani haikutambuliwa mpaka niliposhusha draiva ya Linux kutoka kwa mtengenezaji. Kwa hiyo andika modeli ya printa yako na uitafutie draiva mapema. Na kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu ya Windows pekee, usiifute Windows kabla hujapata mbadala wake.